Sauti Iliyoingia Mapema

Jumatatu, Muleba. Asubuhi ya mawingu mazito.

Mvua imekatika kabla ya alfajiri lakini migomba bado inadondosha maji. Nimekaa kwenye chumba nilichokulia, kitanda kile kile chenye chaga moja iliyovunjika, simu mkononi, roho juu. Saa tatu redio ya mkoani kwetu itapiga wimbo mmoja wa zamani, kisha mtangazaji atawauliza wasikilizaji: nani anamjua huyu mwanamke anayeimba?

Mimi namjua. Yuko jikoni, anamenya ndizi.

Na sebuleni yuko Tata, baba yangu, ameshaweka redio mezani na kuvuta antena mpaka mwisho. Kipindi hicho hakikosi, kwa sababu ndicho kinachoanza na matangazo ya vifo, na yeye ni katekista. Anasema hawezi kupitwa na msiba wa muumini wake. Hajui kitakachofuata baada ya vifo. Au anajua. Hilo ndilo linalonitoa jasho na baridi hii yote.

Ngoja nianze na jana.

Wanaopita kwenye blogu hii wanawajua wenzangu wa jazz. Tuko saba. Kila Jumapili ya pili ya mwezi tunakutana Nshambya, Bukoba mjini, kwa Ta Laurean, mzee aliyestaafu ufundi wa mashine za kukobolea kahawa, mwenye vinanda viwili vya santuri, kimoja kizima na kimoja cha kutolea vipuri. Kila mtu anakuja na rekodi moja tu, ile ambayo mwezi huo imemkosesha usingizi. Daktari kijana wetu analeta Wamarekani wake wa tarumbeta na piano. Bi Zuhura wa Bakoba analeta bendi za pwani alizoachiwa na marehemu baba yake. Mimi naleta chochote chenye saksofoni, maana nikiisikia hiyo ala nasahau hata kama nilifunga duka la dawa.

Tunagombana pia. Daktari anasema bendi zetu za gitaa zilijiita jazz bila kuwa jazz. Ta Laurean anamjibu kwamba mtoto akibatizwa jina ni lake, na kama daktari ana shida apeleke kwa padri.

Tuna sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kuongea mpaka sindano iinuliwe. Ya pili ni ya kahawa, na hii ndiyo iliyonibana. Ukijiunga, Ta Laurean anachukua tunda moja la kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, ile tunayotafuna huku kwetu tangu enzi za mababu, analipasua katikati. Ndani mna mbegu mbili. Moja unatafuna wewe, moja anatafuna yeye. Wazee wa zamani walifunga undugu wa damu kwa mbegu hizo. Sisi damu tumeiacha, tumebakiza kahawa na kiapo chake kidogo: tuliokula tunda moja hatufichani kitu kuhusu santuri. Kama unajua nani anapiga, unasema. Kama unajua iko wapi, unasema.

Nilikula mbegu yangu nikicheka. Nilidhani ni mchezo wa mzee.

Jana nilifika nimelowa, senene wa kukaanga kwenye kontena, nikamkuta Ta Laurean amevaa shati la kanisani. Santuri aliyokuwa akitusimulia miaka nenda rudi alikuwa ameipata. Ilikuwa kwenye dari la nyumba ya mfanyabiashara mmoja marehemu, imefungwa kwenye kanga, na watoto wa marehemu walikuwa wanataka kuitupa pamoja na vyungu vya zamani. Santuri ya Kanoni Jazz, bendi iliyocheza Bukoba mjini miaka michache tu ikavunjika.

Sote tulikuwa tunaijua bila kuwahi kuisikia. Ta Laurean aliusikia wimbo huo ukumbini akiwa kijana, na hakuna kikao ambacho hakutuhubiria habari za yule msichana aliyeuimba. Saksofoni inalia, anasema, na kila mtu anajua zamu ya mwimbaji bado, halafu huyo binti anaingia pigo zima kabla ya wakati, na saksofoni inarudi nyuma kumpisha. Anasema hapo ndipo alipoelewa jazz ni nini. Hakusubiri aruhusiwe! Daktari, ambaye hakubali kitu kirahisi, alishawahi kutoa mifano mitatu ya Marekani kuthibitisha kwamba ule ni ufundi wa hali ya juu.

Jina la binti halikuandikwa kwenye karatasi ya santuri. Ta Laurean hakuwahi kulijua. Amemtafuta kwa muda mrefu kuliko umri wangu.

Sindano ikashuka. Mikwaruzo kwanza, kama mahindi yanayokaangwa kwa mbali. Gitaa likaingia, ngoma, kisha saksofoni, na mimi kama kawaida yangu nikafumba macho.

Ndipo akaita.

Nasema akaita kwa sababu hakuanza na maneno. Alianza na mwito mrefu, unaotokea chini, unapanda, halafu kabla ya kutua unavunjika kidogo. Nilifumbua macho nikatazama mlango. Naapa nilitazama mlango. Utoto wangu wote nimeitwa kwa sauti hiyo, kutoka jiko la nje mpaka mwisho wa kibanja, nitoke migombani chakula kimeiva. Hakuna mwanamke mwingine duniani anayevunja mwito mahali pale.

Mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akiimba. Mama yangu ambaye kanisani anashika kitabu cha nyimbo na kuchezesha midomo. Mama yangu, mwenyekiti wa akina mama wa kigango, anayewaambia wasichana wafunge vifungo vya juu.

Nilikaa kimya wimbo mzima, na kwa mara ya kwanza niliishukuru ile sheria.

Sindano ilipoinuliwa tukaanza kuzunguka, kila mtu aseme alichosikia. Daktari alikuwa na machozi, akasingizia moshi. Zamu yangu ilipofika, nilisema gitaa la besi limerekodiwa kwa mbali mno.

Gitaa la besi. Nilisema hivyo mbele ya mtu niliyekula naye tunda moja.

Ta Laurean alinitazama kama mtu aliyepewa chai bila sukari, akaendelea. Ndipo akatoa habari yake ya pili: nakala ameshaipeleka redioni. Kesho saa tatu wataipiga na kumtafuta mwimbaji. Alisema kama yu hai atajisikia, na kama amekufa watoto wake watajua walizaliwa na nani.

Niliwaza kumwomba aahirishe. Angeniuliza kwa nini. Ningesema nini? Kumzuia kulihitaji sababu, na sababu yenyewe ndiyo siri. Nikinyamaza, Mama ataumbuliwa na redio mbele ya mume wake, juu ya meza yake mwenyewe. Na mwito ule si mimi peke yangu ninayeujua. Mtaa mzima wa kwetu umelelewa nao.

Kwa vijana wanaosoma hapa hili laweza kuonekana jambo dogo. Si dogo. Enzi hizo msichana aliyeshika kipaza sauti alihesabiwa wa baa, basi, hakukuwa na mjadala. Na wanawake wa Bukoba tayari tulikuwa tumebandikwa jina baya huko miji ya mbali, kwa hiyo nyumbani wazazi waliwachunga mabinti kwa wivu maradufu. Katekista wa Muleba asingepeleka posa kwa mwimbaji wa bendi. Ukoo wake usingemruhusu hata apite njia ile.

Wakati wa kuondoka Bi Zuhura alinishika mkono mlangoni. Alisema tu mkono wangu una baridi kuliko mvua, na kwamba gari la Muleba bado lipo. Nilimtumia jirani ujumbe anifungulie duka leo, nikaenda stendi na nguo zilezile mbichi.

Nilimkuta Mama jikoni, kikapu cha ndizi mbele yake, maharage motoni. Alishangaa kuniona Jumapili jioni bila taarifa, akauliza nani amekufa. Nikasema hakuna. Nikakaa kwenye kigoda, nikashika kisu nikamenya ndizi mbili, tatu, nikakosa mwanzo. Mwisho nikatoa simu. Ta Laurean alikuwa ameshautuma wimbo kwenye kundi letu la wasap. Nikapunguza sauti mpaka karibu na mwisho, nikaiweka simu juu ya jiwe la kusagia, kati yake na mimi.

Mikwaruzo. Gitaa. Mama aliendelea kumenya. Saksofoni. Kisha mwito.

Kisu kilisimama. Hakuniangalia, hakuangalia simu. Aliangalia ndizi iliyokuwa mkononi mwake, nusu ina ganda na nusu haina, mpaka wimbo ukaisha. Nilingoja anikane, au alie, au anifukuze.

"Niliingia mapema," alisema.

Sikuelewa.

"Saksofoni ilikuwa haijamaliza. Niliambiwa nihesabu nne, nikahesabu tatu kwa woga. Yule kijana akanipisha. Nikawaomba waliokuja kurekodi turudie, wakasema gari lao linaondoka." Akatupa ndizi kwenye sufuria. "Kila nikiikumbuka naona aibu."

Mawe, mama yangu! Nimetoka Nshambya nimeshikilia heshima ya mama yangu kama yai, kumbe aibu aliyonayo ni ya pigo moja. Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio, na yeye akaniambia nisilie juu ya chakula.

Baadaye alinisimulia, kwa vipande, huku akichochea moto. Alikuwa Kashozi kwa shangazi yake, akijifunza kushona. Shemeji wa shangazi alikuwa na bendi. Mwimbaji wao aliugua siku ya kurekodi, na wao walikuwa wamemsikia Mama akiimba kisimani. Aliimba siku hiyo, akaimba ukumbini majuma machache, akipelekwa na kurudishwa na shangazi mwenyewe. Kisha posa ikaja kutoka Muleba. Shangazi akamwambia kuanzia leo huimbi tena, hata kanisani, maana uso watu wanausahau lakini sauti ile hawataisahau. Akatii. Aliimeza.

Nikamuuliza Tata anajua nini.

"Baba yako anajua nilikuwa Kashozi nikijifunza kushona. Na kushona nilijifunza."

Nikamwambia habari ya redio. Hapo ndipo nilipomwona akiogopa kweli. Alifunika sufuria, akafunua, akafunika tena. Nikasema nitampigia Ta Laurean, nitasema ukweli, aizuie, yeye ni mtu mzima ataelewa.

"Usimpigie. Niachie mimi," alisema.

Tukala. Tukasali. Sala ya jioni nyumbani kwetu inaanza kwa wimbo, na wimbo anaanzisha Tata. Anaanzisha juu mno, daima, halafu kwenye ubeti wa pili sauti inamkatikia na anaumalizia kwa kukoroma. Sisi watoto tulikuwa tunafinyana tusicheke. Jana nilimtazama Mama kwa makini kwa mara ya kwanza. Midomo inakwenda sawasawa na maneno yote, hewa haitoki.

Wakaenda kulala. Sikusikia mazungumzo. Asubuhi wametoka chumbani kama siku zote, Tata ameomba chai, Mama ameleta. Nimewachunguza nyuso kama ninavyochunguza tarehe za dawa na sikuambulia kitu. Amemwambia? Hajamwambia?

Naitwa sebuleni. Ni saa tatu.

*

Saa nne na nusu. Nimerudi chumbani.

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tata alikuwa kwenye kiti chake, anatafuna kahawa. Mimi nilikaa kwenye mkeka. Vifo vikasomwa, viwili, hakuna wa kigango chetu, akafanya ishara ya msalaba. Ndipo Mama akaingia akijifuta mikono kwa kitenge, akasimama mlangoni. Muda huo huwa haachi jiko. Tata aliliona hilo, akamtazama, na kabla hajauliza mtangazaji akasema sasa ni santuri adimu iliyotoka Nshambya.

Mikwaruzo, gitaa, ngoma. Tata alikuwa anatafuna taratibu, mguu unagonga sakafu kidogo, kumbe anapenda jazz, sikuwahi kujua. Saksofoni ikaanza.

Akaita.

Taya la Tata likasimama. Hakuangalia redio. Aliangalia mlangoni, na hapo nikajua hakuwa ameambiwa chochote. "Niachie mimi" ya Mama ilikuwa ni hii, kusimama mbele yake wakati sauti yake ya usichana inatoka kwenye kisanduku. Mikono yake ilikuwa inakamua kitenge kama nguo mbichi, lakini hakukimbia.

Wimbo ulikwenda mpaka mwisho. Mtangazaji akauliza nani anamjua huyu mama, pigeni simu. Tata akanyoosha mkono akaizima redio.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimeandaa kusimama katikati yao, kusema ilikuwa zamani, ni shangazi, ni enzi zile. Tata alitoa kahawa mdomoni, akaishika kiganjani, akaitazama. Alipoongea sauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Tangu nikuoe naanzisha nyimbo humu ndani. Nasikia ninapopotea, mimi si kiziwi. Watoto wakicheka nawasikia." Akaifumbata ile kahawa. "Na wewe umekaa pembeni yangu na sauti hiyo. Umeniacha niimbe peke yangu."

Mama aliacha kukamua kitenge.

Tata alichukua kofia na panga akatoka nyuma, kuelekea migombani. Hakuubamiza mlango. Heri angeubamiza, hasira za Tata nazijua na zinapita kabla ya chakula cha mchana. Hili silijui. Nilikuwa nimejiandaa kwa baa, kwa ukumbi, kwa wanaume waliomtazama, kwa ukoo. Hakugusa hata kimoja. Mama alibaki amesimama palepale, kisha akasema ndizi zitaungua, akarudi jikoni.

Simu yangu imejaa ujumbe. Ta Laurean ameandika kwamba wamepiga watu kumi na zaidi redioni, mmoja anadai ni bibi yake wa Biharamulo, mwingine anadai ni yeye mwenyewe, na mtangazaji amemjibu kwamba ana sauti ya kiume. Kisha akaniandikia mimi peke yangu, si kwenye kundi. Anauliza mbona jana nilisema gitaa la besi.

Nimekwenda jikoni na simu. Nimemuuliza Mama nimjibu nini. Alikuwa anageuza ndizi, halii, lakini macho yalikuwa mekundu na moto ulikuwa hauna moshi. Alisema mwambie huyo mzee aje Jumapili, atapata chakula. Kisha akaniita nimeshafika mlangoni.

"Lakini umwambie kwanza nilikosea."

Nimeandika: Namjua. Njoo Muleba Jumapili. Sehemu ya pili sijaiandika. Mzee amejenga imani yake yote ya jazz juu ya pigo hilo moja, na daktari ana mifano yake mitatu. Labda Mama atamwambia mwenyewe, na labda Ta Laurean atamkatalia, wabishane mpaka jioni. Mbegu yangu nitailipa kwa kuwaandalia senene.

Tata bado hajarudi. Nasikia panga lake huko chini, linakata majani makavu ya migomba ambayo alishayakata wiki iliyopita. Mama amefunika chakula chake na jani, ameketi kando ya moto, na mara mbili nimemwona akiinuka kwenda mlango wa jiko, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuita, akarudi kuketi.

Nilikuwa nipande gari la mchana. Jirani amelalamika kwamba wateja wanauliza dawa asizozijua. Nimemwomba afunge tu, nitafungua kesho.

Saa moja jioni kuna sala. Nimebaki, nataka kusikia nani ataanzisha wimbo.